Skripti zilizobaki kabatini: dhana potofu na ukweli

Mashabiki wa tamthilia za bunilizi za kisayansi wakikutana, hawachelewi kuzifikia hadithi ambazo hazikuwahi kuonekana kwenye runinga. Star Trek ya Marekani inazo, na Doctor Who ya Uingereza inazo tele. Nazipenda sana skripti hizi, ndiyo maana huniuma zikibezwa na watu wasiojua zilikwama wapi.

Dhana: Haikurekodiwa kwa sababu ilikuwa mbovu

Hii ndiyo inayosemwa zaidi, na ndiyo iliyo mbali zaidi na ukweli. Mbovu zipo, sikatai. Lakini itazame Shada, hadithi ya Doctor Who ya sehemu sita iliyoandikwa na Douglas Adams mwaka 1979. Kazi ya kurekodi nje ya studio ilikamilika kule Cambridge. Kipo kipande cha filamu cha Tom Baker, aliyecheza Doctor, mhusika mkuu, amesimama kwenye mashua bapa, anaisukuma kwa upondo kwenye mto Cam, na mwigizaji mwenzake Lalla Ward ameketi mbele yake ametulia. Baada ya hapo walitakiwa kuingia studio kwa awamu tatu. Ya kwanza wakaimaliza. Kabla ya ya pili, mafundi wa BBC wakagoma. Mgomo ulipokwisha, nafasi za studio zilikuwa zimeshagawiwa vipindi vya Krismasi, na Shada ikafutwa. Hakuna aliyeikataa hadithi. Mwaka 1983, Tom Baker alipokataa kushiriki katika episodi maalumu ya miaka 20 ya Doctor Who, watayarishaji walikwenda kuchukua kipande kilekile cha mashua wakakitia humo.

Star Trek nayo ilipatwa na yake. Mwaka 1977 studio ya Paramount ilipanga kuanzisha mtandao wake wa runinga, na Star Trek mpya ndiyo ingekuwa nguzo yake. Waandishi wakapewa kazi, seti zikaanza kujengwa. Mtandao ukafa kabla ya kuzaliwa, ukaondoka na tamthilia yake. Hadithi ya ufunguzi ikageuzwa filamu ya mwaka 1979, nyingine zikawekwa kando. Makosa ya mahesabu ya wakubwa yalilipiwa na waandishi.

Dhana: Ikishawekwa kando, imekufa

Mwaka 1988 waandishi wa Marekani waligoma kuanzia Machi hadi Agosti. Star Trek: The Next Generation ilihitaji hadithi ya kufungulia msimu wa pili na hakukuwa na anayeandika. Wakalifungua kabati, wakaitoa The Child, moja ya skripti za ule mpango uliovunjika, wakambadilisha mhusika mkuu, na Novemba ikaonyeshwa. Mwaka 1991 wakarudi tena kabatini kuchukua Devil's Due. Na nyuma zaidi ya hapo, The Omega Glory ilikuwa moja ya skripti tatu zilizoshindanishwa kuwa episodi ya pili ya majaribio ya Star Trek. Haikuchaguliwa, lakini mwaka 1968 ilionyeshwa.

Dhana: Aliyeandika ndiye mwenye mali

Hapa naomba tuende polepole, maana vijana wengi wanaoandika huumizwa hapahapa.

Norman Spinrad aliiandikia Star Trek The Doomsday Machine, iliyoonyeshwa mwaka 1967 na kupendwa mpaka leo. Akaandika nyingine, He Walked Among Us. Mtayarishaji Gene Coon akaiandika upya ikawa kichekesho. Spinrad alipoisoma alimwendea Gene Roddenberry, muasisi wa tamthilia, akamsihi asiirekodi kabisa. Akasikilizwa. Kwa hiyo kuna skripti iliyozuiwa na mwandishi wake mwenyewe, na aliridhika kupoteza fedha kuliko kuona jina lake juu ya kitu asichokitambua. Mimi namheshimu sana kwa hilo.

Miaka mingi baadaye nakala ikapatikana. Spinrad akaanza kuiuza mtandaoni, na kundi la mashabiki waliokuwa wakitengeneza episodi zao wenyewe wakajiandaa kuirekodi. Mwaka 2012 kampuni ya CBS, iliyokuwa ikimiliki Star Trek, ikajitokeza, ikadai kwamba skripti ni mali yake, na mpango wa mashabiki ukasimama. Unapoandikia tamthilia ya watu kwa malipo, mara nyingi hakimiliki huenda kwa kampuni, hata kama kampuni haina nia ya kuigusa kazi hiyo tena. Kabla ya kusaini, soma mkataba kifungu kwa kifungu.

Dhana: Skripti za watu wa nje hazisomwi

Ni kweli studio nyingi hurudisha bahasha bila kuifungua, lakini si kwa dharau, bali kwa kuogopa kudaiwa kwamba zimeiba wazo. J. Michael Straczynski, muasisi wa tamthilia ya Babylon 5, alikuwa akizungumza na mashabiki mtandaoni. Shabiki mmoja akatoa wazo lililofanana na hadithi ambayo Straczynski tayari alikuwa nayo akilini. Ikabidi aiweke kando hadi shabiki huyo aliposaini karatasi kwamba hatadai kitu. Ndiyo episodi ya Passing Through Gethsemane, ya mwaka 1995.

Hata hivyo mlango uliwahi kuwa wazi. Ronald D. Moore hakuwa mwandishi wa runinga alipopenyeza skripti yake kwa watu wa The Next Generation. Ilikaa miezi kwenye rundo hadi Michael Piller, mkuu mpya wa waandishi, alipoisoma. Ikaonyeshwa Oktoba 1989 kwa jina la The Bonding, na Moore akaajiriwa. Huyo ndiye aliyekuja kuiongoza tamthilia ya Battlestar Galactica mpya. Piller akaruhusu yeyote kutuma skripti, mradi asaini fomu ya kuachilia madai.

Dhana: Ukiisoma skripti, umeiona episodi

Laiti ingekuwa hivyo. Skripti husema mtu anaingia mlangoni. Jinsi anavyoingia ni kazi ya mwigizaji, mwongozaji, mshona nguo na fundi taa. Shada imetoka kama mkanda wa video mwaka 1992, Tom Baker akisimulia sehemu zilizokosekana. Mwaka 2003 ikachezwa kwa sauti, Paul McGann akiwa Doctor. Mwaka 2012 ikawa riwaya. Hakuna hata moja iliyo ile ya 1979, na kila moja ina ladha yake.

Mwaka 2017 BBC ikakusanya waigizaji walewale waliokuwa hai, wakarekodi sauti, na sehemu zilizokosekana zikachorwa kama katuni. Mwishoni kuna tukio jipya moja. Tom Baker, akiwa na miaka 83, anachomoza ndani ya chombo chake akiwa na mavazi yaleyale ya zamani, nywele nyeupe, na anamalizia maneno aliyotakiwa kuyasema miaka 38 nyuma.