Kudungwa kidole mara moja hakupimi magonjwa yote ya zinaa

Hapa Mombasa, kuanzia Likoni hadi Kongowea, utasikia watu wakisema ati ukidungwa kidole kliniki na kile kipimo cha dakika 15 au 20 kikatoka negativu basi uko safi, huna ugonjwa wowote wa zinaa. Si ajabu watu kuamini hivyo maana damu ni damu, na muhudumu mwenyewe mara nyingi ana haraka, haelezi.

Lakini kila kipimo kinatafuta kitu chake. Kile cha kidole kwa kawaida ni cha HIV, au cha HIV na kaswende pamoja, na kinachosomwa pale ni askari ambao mwili umetengeneza kupigana na ugonjwa, kwa hivyo ukienda wiki moja tu baada ya kufanya ngono bila kinga askari hawajatosha na jibu litakuwa negativu hata kama umeambukizwa, ndo maana unaambiwa urudi baada ya miezi 3. Kisonono na klamidia hazionekani hapo kabisa, zataka mkojo ama majimaji ya sehemu za siri yanayochukuliwa kwa kijiti chenye pamba, na klamidia hasa yaweza kukaa bila dalili yoyote. Halafu aliyetibiwa kaswende zamani anaweza kutoka positivu miaka na miaka ingawa amepona.

Sasa ukifika uliza tu bila haya, hiki chapima nini? Angalia tarehe ya kuexpaya kwenye pakiti, na ule mstari wa C, unaoonyesha kipimo kimefanya kazi, usipotokea kipimo kimeharibika, warudie.