Hesabu za kutoa: usimkimbize mtoto kwenye kukopa

Malalamiko yanayotufikia kutoka kwa wazazi yanafanana. Mtoto amepewa kazi ya nyumbani ya kutoa, mzazi akamwelekeza kwa njia aliyofundishwa yeye, mwalimu akaikosoa. Tunawashukuru wazazi wanaokaa na watoto kwenye daftari. Hata hivyo, baadhi ya njia za mkato za nyumbani huzaa makosa yanayomfuata mtoto hadi madarasa ya juu.

Chukua 9 − 3. Mtoto anahesabu kurudi nyuma, “9, 8, 7”, anaandika 7. Amehesabu namba alizotaja, si hatua alizopiga. Mchoree mstari wa namba, aweke kidole juu ya 9, kisha aruke mara tatu: 8, 7, 6. Kidole kikiwa bado juu ya 9, hakuna kilichotoka. Na vidole vya mkono si aibu. Tunawaelekeza walimu wasimpunguzie mtoto alama kwa kuvitumia.

Linalotusumbua zaidi ni agizo hili: “Siku zote toa ndogo kwenye kubwa.” Tafadhali liacheni. Mtoto akifika 42 − 17 anaona 2 na 7, anatii, anatoa 2 kwenye 7, anapata 5. Kisha 4 toa 1, anapata 3. Jibu lake 35. Anaambiwa hana makini, kumbe amefuata agizo la mzazi wake neno kwa neno.

Kabla ya kuipanga hesabu hiyo wima, mpe vijiti 42: mafungu 4 ya kumikumi yaliyofungwa kwa mpira, na vijiti 2 pembeni. Mwambie atoe 7. Viwili havitoshi, kwa hiyo afungue fungu moja yeye mwenyewe, si wewe. Huko kufungua kumi moja ndiko kukopa. Sasa ana mafungu 3 na vijiti 12. Akitoa 7 vinabaki 5. Akiondoa fungu moja yanabaki 2. Jibu ni 25. Kalamu ifuate mkono: fungu likishafunguliwa ndipo akate 4 na kuandika 3 juu yake, kisha aweke 1 mbele ya 2 isomeke 12. Akimaliza ajumlishe 25 na 17. Isipotoka 42, arudie.

Wapo wanaoandika 12 vizuri wakasahau kuikata 4. Hao nao hupata 35. Jibu ni lile lile, ugonjwa mwingine: huyu kukopa anakujua ila hakumalizi, yule wa kwanza hajakuanza. Ndiyo maana tunasisitiza mtoto aulizwe “umefanyaje?” kabla ya kalamu nyekundu kugusa daftari.

Kutoa si kuondoa tu. Kwa 12 − 9 ni rahisi zaidi kupanda kutoka 9: 10, 11, 12, hatua tatu. Anayejua 8 + 5 = 13 aonyeshwe papo hapo kwamba 13 − 5 = 8 na 13 − 8 = 5. Dakika kumi kwa siku zinatosha.

Hesabu zenye sifuri katikati, kama 302 − 148, zisubiri. Hapo mtoto hufungua mia iwe makumi 10, kisha kumi moja iwe mamoja, yabaki makumi 9 na mamoja 12. Asiyeweza kufungua fungu moja la vijiti bila kusaidiwa hayuko tayari kufungua mawili mfululizo.