Suruali ya mpira kiunoni kwa mtoto wa miaka miwili huanzia kwenye kipimo cha kuketi

Mama mmoja, jirani yangu hapa Katindo, mjini Goma, aliniletea suruali ndogo ya kikwembe, yaani kitenge, aliyomshonea mwanawe wa miaka miwili kwa mkono wake mwenyewe. Mishono ilikuwa imenyooka, pindo lilikuwa limekaa vizuri, na kitambaa kilikuwa kizuri. Hata hivyo, kila mtoto alipochuchumaa kuokota kitu, suruali ilishuka nyuma hadi nepi yote ikaonekana, huku mbele kitambaa kikijikusanya tumboni kama mfuko. Mama alidhani kosa ni la mpira wa kiuno, akaufupisha mara mbili, mpaka ukaanza kumwachia mtoto alama nyekundu. Nilipoifumua suruali ile mezani na kuweka kipande cha mbele juu ya kipande cha nyuma, vililingana sawasawa, kwa kuwa vyote vilikatwa kwa karatasi moja. Kosa lilikuwa hapo, na mpira wowote ule usingeweza kulirekebisha.

Katika atelye yangu ya ushonaji suruali za watoto wadogo ndizo kazi ninayoipenda kuliko nyingine, na ninaandika haya kwa sababu naona wazazi wengi wakiamini kwamba suruali ya mpira haihitaji vipimo, eti mpira utavuta kila kitu mahali pake. Mpira hufanya kazi moja tu, nayo ni kuishika nguo kiunoni. Kinachoamua kama mtoto atakimbia, ataketi na kuchuchumaa bila taabu ni urefu wa kitambaa kinachoanzia kiunoni mbele, kikapita kwenye msamba, yaani pale miguu inapokutana, kikapanda hadi kiunoni nyuma. Mwili wa mtoto wa umri huo hauna kiuno kilichoingia ndani kama cha mtu mzima. Tumbo lake limetokeza mbele, na nepi huongeza unene nyuma na katikati ya miguu. Anapochuchumaa, mgongo wake hujikunja na njia ya nyuma hurefuka, wakati ile ya mbele inafupika. Kwa hiyo kipande cha nyuma lazima kifike juu zaidi ya cha mbele, na msamba wake uwe mpana zaidi.

Ili kupata kipimo hicho, mketishe mtoto juu ya benchi au kiti kigumu, akiwa amevaa nepi yake, kisha mfunge kipande chembamba cha mpira kiunoni, mahali ambapo ungependa suruali ikae. Pima ubavuni, kutoka kwenye mpira huo hadi kwenye ubao anaoukalia. Hicho ndicho ninachokiita kipimo cha kuketi. Mtoto wa jirani yangu alikuwa na sentimita 17. Makalio yake pamoja na nepi yalikuwa 54, kiuno 48, na mguu wa ndani, kutoka msambani hadi kwenye kifundo, 32. Nitatumia vipimo hivyo hadi mwisho ili mfano uwe mmoja, lakini wewe pima mtoto wako, kwa maana watoto wawili waliozaliwa wiki moja wanaweza kutofautiana kwa sentimita kadhaa.

Ninajua pia desturi yetu ya kumshonea mtoto nguo kubwa ili imfae mwaka mzima, na sina neno la kuipinga, kwa sababu kitambaa ni ghali na watoto wanakua. Ninachoomba ni kwamba ukubwa huo uwekwe mahali pasipomdhuru. Ukiongeza sentimita sita kwenye kipimo cha kuketi, msamba utaning'inia chini katikati ya mapaja, na kila hatua mtoto atakuwa anavuta kitambaa kwa mapaja yake hadi aanguke. Ukiziweka sentimita hizo hizo kwenye pindo la chini, hatazihisi kabisa, na baada ya miezi michache utalifumua pindo na kuishusha suruali. Kwenye kipimo cha kuketi naongeza sentimita 2 pekee, za kumwezesha kujongea, na kwa mtoto huyu zinatupa 19.

Kitambaa cha kuanzia kiwe cha pamba kisichovutika. Kikwembe kinafaa sana, na hapa Goma hakuna nyumba isiyo na mabaki yake, kwani anayenunua kipande kizima cha yadi 6, yaani mita 5 na nusu hivi, akashona blauzi na sketi, mara nyingi hubakiwa na kiasi kinachotosha suruali ya mtoto. Suruali yetu inahitaji urefu wa sentimita 65 tu kwenye kitambaa chenye upana wa sentimita 115. Shuka la mitumba au shati la baba lililochakaa kwenye kola pia linafaa, na limeshafuliwa mara nyingi kiasi kwamba halitapungua tena. Kitambaa kipya, kwa upande mwingine, lazima kilowekwe, kikaushwe na kupigwa pasi kabla ya mkasi kukigusa, kwa sababu pamba hujivuta inapofuliwa, na suruali iliyokatwa kabla ya kuloweka hupungua hata pale pasipo na ziada.

Kwa patroni, yaani kielelezo cha kukatia kitambaa, ninatumia karatasi ya mfuko wa simenti uliokung'utwa na kupanguswa vizuri. Ni ngumu, haichaniki upesi, na inaweza kutundikwa ukutani kwa miaka. Suruali hii haina mshono wa ubavuni, hivyo kila mguu ni kipande kimoja kinachobeba mbele na nyuma kwa pamoja. Chora mstari wa wima katikati ya karatasi. Huo ndio ubavu. Chora mstari wa kiuno unaoukata, na sentimita 19 chini yake chora mstari wa msamba. Chukua makalio, 54, ongeza 10 za ulegevu upate 64, kisha gawa kwa 4 upate 16. Kwenye mistari yote miwili weka alama ya sentimita 16 kila upande wa ubavu. Upande wa kulia uwe mbele, upande wa kushoto uwe nyuma, na uandike hivyo juu ya karatasi, kwa maana baada ya saa moja hutakumbuka.

Hapa ndipo pa kutulia. Upande wa mbele, kwenye mstari wa msamba, toka nje sentimita 3 na nusu kupita ile alama ya 16. Upande wa nyuma, toka nje sentimita 6. Tofauti hiyo ya sentimita 2 na nusu ndiyo nafasi ya makalio na nepi. Kisha nenda kiunoni upande wa nyuma, ingia ndani sentimita 1 na nusu kutoka kwenye alama, panda juu sentimita 2 na nusu, na uunganishe nukta hiyo na ubavu kwa mstari wa mshazari. Sasa chora mikunjo ya msamba. Wa mbele ushuke wima, kisha uanze kupinda sentimita 6 hivi juu ya mstari wa msamba hadi kwenye ncha yake. Wa nyuma ushuke kwa mshazari na upinde kwa upole zaidi, kama mdomo wa sahani pana. Mkunjo wenye kona kali utamkata mtoto mapajani, na ndiyo sehemu ambayo ninawafanya wanafunzi wangu waichore mara tano kabla ya kuwaruhusu kukata.

Kutoka kwenye ncha hizo mbili shuka sentimita 32 hadi kifundoni, ukiingia ndani kidogo kidogo ili chini pabaki na upana wa sentimita 29 kwa jumla. Chini ya hapo ongeza sentimita 6 za pindo. Juu ya kiuno ongeza sentimita 3 na nusu za njia ya mpira, ukifuata ule mshazari wa nyuma, na pembeni pote ongeza sentimita 1 ya mshono. Kunja kitambaa mara mbili, uso kwa uso, ndipo ukate vipande viwili kwa pamoja. Anayekata kimoja kimoja bila kuigeuza karatasi hujikuta na miguu miwili ya upande mmoja, na hakuna dawa ya kosa hilo isipokuwa kitambaa kingine. Ikiwa kikwembe kina ndege au maua yenye shina, kagua kwanza kwamba yote yatasimama wima miguuni.

Kabla ya kushona mshono wowote, fikiria magoti. Ua wa nyumba nyingi za Goma ni mawe meusi ambayo volkano ya Nyiragongo ilituachia, na mtaa baada ya mtaa una kokoto zilizotokana na lava iliyopita katikati ya mji mwaka 2002. Jiwe hilo lina matundu mengi yenye kingo kali, na kwa kitambaa linafanya kazi ya msasa. Nimeona suruali mpya ikitoboka magoti ndani ya wiki mbili wakati sehemu nyingine zote bado zinang'aa. Ndiyo maana nashona viraka vya magoti tangu mwanzo, wakati mguu bado ni kipande bapa mezani, kwa sababu ukiisha kuufunga huwezi tena kuuingiza chini ya sindano kwa urahisi. Kata viraka viwili vya jinzi kuukuu, vyenye upana wa sentimita 12 na urefu wa 14, kunja kingo ndani, na uviweke upande wa mbele kuanzia sentimita 8 chini ya mstari wa msamba. Mzazi hudhani kiraka kinakaa katikati ya goti tu. Mtoto anapopiga magoti, suruali huvutwa juu, na kinachogusa ardhi ni sehemu iliyo chini ya goti, hivyo urefu ule ni wa lazima. Shona mzunguko mara mbili.

Sasa kunja kila mguu uso kwa uso na ushone mshono wa ndani. Cherehani nyingi za majumbani kwetu ni za kukanyaga kwa miguu na zinashona mshono ulionyooka peke yake, bila zigizaga. Hilo lisikukatishe tamaa. Kwa mshono wa ndani wa mguu unaweza kuficha kingo: shona kwanza migongo ya kitambaa ikitazamana, nusu sentimita kutoka ukingoni, punguza nyuzi zilizotokeza, geuza, kisha shona tena uso kwa uso nusu nyingine ili kingo zibaki ndani. Msamba usiufanyie hivyo, kwa kuwa unene ungeusumbua mwili. Geuza mguu mmoja uso nje, uingize ndani ya ule mwingine uliobaki kinyume, linganisha mishono miwili ya ndani katikati, na shona mkunjo wote kwa safari moja kutoka kiuno cha mbele hadi cha nyuma. Tumia uzi wa poliesta na mishono mifupi ya milimita 2, kisha rudia mstari wa pili milimita 3 karibu na ukingo. Sehemu hii ya kitambaa inavutwa kwa mshazari kila mtoto anapochuchumaa, na mstari mmoja wa mishono mirefu hukatika. Mwishowe, zungushia kingo uzi kwa mkono.

Kwa njia ya mpira, kunja sentimita 1, kisha 2 na nusu, piga pasi, na ushone karibu na ukingo wa chini, ukiacha mlango wa sentimita 5 nyuma. Mpira uwe na upana wa sentimita 2. Sokoni Virunga au Birere, kabla ya kulipa, uvute kwa mikono miwili: ukiona unakuwa mwembamba unapovutwa, ni wa kusukwa, na huo hujikunja ndani ya njia yake na kudhoofika ukitobolewa na sindano. Chagua unaobaki na upana wake. Kwa kiuno cha 48 nakata 47, yaani 45 za kuzunguka na 2 za kupandana. Upitishe kwa pini kubwa ya kufunga, ushikanishe ncha zake kwa pini hiyo hiyo, na mvalishe mtoto kabla ya kushona chochote. Vidole vyako viwili vipite kiunoni bila kulazimisha, na akiisha kuketi robo saa ngozi isiwe na alama. Hapo ndipo upandanishe ncha, uzishone kwa umbo la mraba wenye msalaba ndani, na kuufunga mlango. Shona pia mstari mfupi wa wima juu ya mshono wa nyuma, ukipita kwenye mpira, ili usijipinde. Kamba ya kufunga kiunoni siiweki kwa mtoto wa umri huu, kwani inanasa, na vifungo vya pambo anaweza kuving'oa na kuvimeza.

Pindo la chini ni sentimita 1 ikikunjwa ndani, kisha 5, likishonwa kwa mishono mirefu ili liwe rahisi kufumua.

Suruali ya jirani yangu niliikata upya upande wa nyuma kwa kuunganisha kipande cha kikwembe kile kile juu ya makalio, kwa kuwa alikuwa amebakiza kidogo, nikarudisha mpira wa sentimita 47. Tulimwita mtoto na kumtupia kizibo cha chupa sakafuni. Alichuchumaa, akakiokota, akachuchumaa tena kutafuta kingine, na kiuno cha nyuma kilikaa palepale juu ya nepi.