Darubini ya kuwindia: namba kubwa haimaanishi utaona zaidi

Mtu akiingia dukani pale Posta au Kariakoo, Dar es Salaam, kuulizia darubini ya jicho moja, ile ya kusimamisha kwenye miguu mitatu ili umkague mnyama kwa mbali kabla hujaamua kumsogelea, swali lake la kwanza ni lile lile: "Inavuta mara ngapi?" Muuzaji analijua, na jibu analo. Mara 60. Akiona mteja anasita, anatoa nyingine kabatini ya mara 100. Biashara imekwisha, na mteja anaondoka na kitu kitakachomkera msimu mzima.

Dhana: inayovuta zaidi ndiyo inayoona zaidi

Hii ndiyo mama wa dhana nyingine zote, kwa hiyo tukae nayo kidogo.

Chukua darubini iliyoandikwa 20-60x60. Maana yake inavuta kuanzia mara 20 hadi mara 60, na lenzi yake ya mbele ina kipenyo cha milimita 60. Gawanya kipenyo hicho kwa mvuto, utapata upana wa mwanga unaofika jichoni. Kwenye mara 20 ni milimita 3. Ukizungusha hadi mara 60, inabaki milimita 1 tu. Mboni ya jicho huwa na milimita 2 au 3 juani, lakini magharibi hufunguka hadi 5 na zaidi, hasa kwa kijana. Sasa fikiria tandala dume anatoka kichakani jua likishazama. Kwenye mara 60 utaona tandala mkubwa mweusi asiye na pembe za kueleweka. Ukirudisha mara 20, pembe zinarudi. Na huku kwetu karibu na ikweta giza halina subira: jua likizama una kama dakika 20 na ushee za mwanga, na sheria hairuhusu kuwinda usiku. Dakika hizo ndizo unazozilipia.

Mchana nako kuna mazigazi. Ardhi ikishapata moto, kuanzia kama saa nne asubuhi, hewa ya moto inayopanda hupinda mwanga, na darubini inapokuza mnyama hukuza na hiyo hewa inayocheza. Kongoni aliye mita 800 anaanza kuchezacheza kama yuko chini ya maji. Hata darubini ya mamilioni haiponi hapo. Dawa ni kupunguza mvuto, kupanda juu ya kilima ili usitazame sambamba na ardhi, au kusubiri jioni. Ndiyo maana wengi wenye darubini za mara 60 porini huzitumia kwenye mara 20 hadi 30, na namba iliyobaki hukaa bure.

Zile za mtaani zilizoandikwa 10-300x40 hazihitaji mjadala mrefu. Watazama nyota wana kipimo chao: kwa kila milimita ya lenzi, mvuto wenye maana hauzidi mara 2. Lenzi ya milimita 40 basi mwisho wake mara 80, tena usiku mtulivu, kwenye stendi imara. Hiyo 300 ni wino tu.

Dhana: basi suluhisho ni lenzi kubwa

Ni kweli lenzi ya milimita 80 au 85 inaingiza mwanga mwingi. Kwa anayetazama akiwa kambini au kando ya gari, sina ubishi naye. Lakini darubini ya ukubwa huo huweza kukaribia kilo 2, na bado hujahesabu stendi. Anayefuata nyayo za nyati tangu alfajiri, juani, na maji yake mgongoni, akifika saa sita atakuwa ameshaitamani njia ya kuitupa.

Kwa mwendo wa miguu, lenzi ya milimita 50 hadi 65 ndiyo saizi yake. Nikon ED50, kwa mfano, mwili wake bila lenzi ya jicho ni gramu 455. Celestron Hummingbird ya 9-27x56 ni kama gramu 600, na bei yake haimfukuzi mtu wa mshahara wa kawaida moja kwa moja. Mara 27 inaonekana ndogo kwenye karatasi. Porini inatosha kujua kama pofu yule ni dume au jike, na kama ana mtoto pembeni.

Ila usipime darubini peke yake. Watu hununua darubini ya nusu kilo, halafu wanaifunga kwenye stendi ya aluminiamu ya kilo 2. Wengine wanafanya kinyume: stendi nyepesi ya kupigia picha kwa simu, ambayo upepo mdogo tu unaitikisa. Ukishapita mara 20 kila mtikisiko unaonekana. Mimi napendelea stendi fupi isiyofunguka sana, ukae chini, uning'inize mkoba katikati yake. Mkoba wenyewe ukilazwa juu ya kichuguu nao unasaidia.

Dhana: kila mwindaji lazima awe nayo

Hapa wauzaji hawatanipenda. Kwenye miombo minene, kama ile ya Rungwa, miti inafunga macho mapema mno. Darubini ya macho mawili ya 8x42 au 10x42 ndiyo inayofanya kazi. Hii ya jicho moja inalipa kwenye mbuga wazi, nyika ya Umasai, au kwenye kingo za mito yenye mchanga mpana. Kama huna nzuri ya macho mawili, anza na hiyo.

Kazi yake halisi si kumtafuta mnyama, ni kumkagua. Nyati mwenye pembe pana si lazima awe mzee. Unatazama pale pembe zinapokutana utosini, kama pamekomaa na kuwa pagumu au bado pana ulaini na nywele. Simba dume kwa uwindaji wa kitalii hapa Tanzania anatakiwa awe ametimiza miaka 6, na manyoya ya shingoni peke yake yanadanganya. Wawindaji bingwa huangalia na pua, ambayo huongezeka weusi kadiri anavyozeeka. Huwezi kuona hayo kwa namba kubwa na picha yenye ukungu.

Dhana: ya bunduki inatosha

Haitoshi, na ni hatari. Kutazama kitu usichokijua kwa darubini iliyofungwa kwenye bunduki ni kukielekezea mtutu. Kitu hicho kinaweza kuwa mrina asali au askari wa wanyamapori.

Dhana: imeandikwa haiingizi maji, basi nimemaliza

Haiingizi maji ni jambo jema, hasa kama imejazwa gesi ya naitrojeni ili isifanye ukungu ndani. Lakini adui mkubwa wa lenzi Dar es Salaam ni kuvu. Unyevu wa pwani, kabati lililofungwa, mkoba wa ngozi uliorudi na jasho la porini, na baada ya miezi kadhaa unaona nyuzi nyeupe zinatambaa kwenye kioo. Zikishauma kioo, fundi anaweza kusafisha asirudishe ule upakaji wa lenzi. Ihifadhi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vipakiti vya silika jeli, na mkoba wake uanike mbali nayo. Ukinunua iliyotumika, imulike kwa tochi ya simu kutokea mbele kabla hujataja bei.

Dhana: ikiandikwa HD ni nzuri

Herufi HD hazina kipimo kinachombana mtengenezaji yeyote. ED zina maana, ni aina ya kioo kinachopunguza rangi za pembeni, lakini nazo hazikuhakikishii kitu kama prizimu (vioo vya ndani vinavyogeuza picha isimame sawa) na uunganishaji ni wa ovyo. Jaribu mwenyewe. Toka nayo nje ya duka, mtafute kunguru kwenye waya wa umeme, mbingu nyeupe nyuma yake. Hao hawakosekani mjini. Ukiona mstari wa zambarau au kijani umemzunguka, umeshajua. Kisha soma kibao cha daladala iliyo mbali, kwanza katikati ya picha, halafu pembeni. Usiielekeze bandarini wala Magogoni iliko Ikulu, utajikuta unaeleza mambo marefu. Na ukiagiza nje ili ukwepe bei za mjini, ongeza VAT ya asilimia 18, ushuru na usafiri kwanza, ndipo ulinganishe na ile ya kabatini.