Je, wajua kwa nini Goren haonekani kukosea?

Kama umeshaangalia tamthilia ya Kimarekani ya Law & Order: Criminal Intent basi unamjua mpelelezi Robert Goren. Mtuhumiwa anainamisha kichwa kukwepa macho, na jamaa, pande la mtu, anajipinda na kulaza shingo mpaka uso wake unatokea chini ya uso wa mwenzake, halafu anauliza kitu cha ajabu tu, labda viatu. Dakika kadhaa mbele mtu analia na kukiri. Ndo maana utasikia wengi wanasema Goren anasoma uongo machoni.

Hapana bwana, macho hayasomeki kirahisi hivyo. Mwaka 2006 watafiti wa saikolojia Bond na DePaulo walikusanya tafiti kibao wakakuta watu wanapatia kutofautisha uongo na ukweli asilimia 54 hivi, na ukirusha sarafu unapata 50. Tena cha kuchekesha, uongo unanaswa vizuri zaidi kwa kusikiliza kuliko kwa kumkodolea mtu macho, yaani shingo yote ile inapindwa bure. Ni kweli mengi ya majaribio hayo yalifanywa na wanafunzi ambao hawakuwa na cha kupoteza wakigundulika, muuaji halisi huenda akatoka jasho zaidi, ila hata polisi walipopimwa hawakuwazidi sana raia wa kawaida.

Siri iko kwenye namna stori inavyopangwa. Law & Order yenyewe, tamthilia mama ya 1990, inakufanya ujue kile tu polisi na waendesha mashtaka wanachojua. Hii iliyozaliwa nayo 2001, Vincent D'Onofrio akiwa Goren wa New York, inakuonyesha mhalifu mapema: ugomvi kidogo, simu moja, mtu anafunga mlango. Ni kama umekaa kwenye vitendawili na mtegaji kakunong'oneza jibu, sasa mwenzako akipapasa huku na kule kila anapolikaribia unasema huyu ana akili, na akitoka nje kabisa unasema anazunguka makusudi. Ungekuwa hulijui jibu ungemwona anabahatisha tu. Maswali ya Goren ni hivyohivyo, tukiondolewa zile sekunde za mwanzo yanabaki kuwa usumbufu kwa mtu ambaye hatujui hata kama ana kosa.

Anachofanya kweli ni kubonyeza kidonda, wivu wa ndugu, baba asiyesifia, mpaka mtu aropoke ili ajitetee. Mara nyingine wakili kakaa pembeni kabisa! Tangu hukumu ya Miranda ya 1966 mtuhumiwa Marekani lazima aambiwe ana haki ya kukaa kimya, na wakili wa kweli angesema funga mdomo twende. Na presha ya aina hiyo haichagui mwenye kosa: kesi ya ubakaji kwenye bustani ya Central Park ya 1989, hukohuko New York, vijana 5 walifungwa, wengine wakiwa wamekiri kwenye video, na 2002 hukumu zikafutwa baada ya mtu mwingine kukiri na DNA yake kulingana na iliyokutwa kwenye ushahidi.

Unataka kuhakikisha kwamba ni mpangilio na sio shingo? Kuanzia 2005 Goren alianza kupokezana epsodi na Mike Logan wa Chris Noth, polisi mwenye hasira za karibu aliyetokea tamthilia mama, huyu hapindi shingo wala hanusinusi ushahidi, na bado watu wanakiri kabla muda haujaisha.