Majani yameoza, mmea haujafa

"Ami, upanga ulioniuzia ushakufa. Naja na risiti."

Upanga ni mmea wa tangi la samaki, nami nauuza. Huu ni ujumbe wa nne tangu Idi, na wote walionitumia wako wiki ya pili baada ya kununua. Wiki ya kwanza ni picha na sifa. Ya pili majani yanageuka manjano, yanaingia matundu, yanateleza kama bamia, na mtu anang'oa kila kitu anatupa jaani. Jamani, mmetupa mmea ulio hai!

Upanga, yaani Echinodorus, asili yake ni mabara ya Amerika, kwenye kingo za mito na mabonde yanayofurika. Sehemu ya mwaka uko hewani, sehemu umezama. Wakuzaji wa biashara hutumia tabia hiyo: huukuza nje ya maji, mizizi tu ikilowa, maana huko hukua upesi na mwani haupati pa kushika. Kwa hiyo huo unaonunua, aghlabu majani yake hayajawahi kuzama.

Jani la hewani lina kikonyo kigumu kinachosimama chenyewe, na ngozi ya nta ili lisikauke. Lipinde, litarudi. Jani la majini ukilitoa tangini linalala kiganjani kama kitambaa kilicholowa. Lisimame la nini, na maji yanalibeba? Nta ya nini, na gesi zinapita humo humo? Sasa ukilizamisha lile la kwanza, mmea hauligeuzi likawa la pili. Unafyonza cha kufaa kilichomo, unaliachia lioze, unatoa jingine. Ninyi mnang'oa wakati huo huo unapotoa jingine.

Kipimo ni kitovu. Bonyeza kwa kidole gumba pale majani yanapokutana. Kikiwa kigumu, mzima. Kikibonyea na kunuka, haya, njoo na risiti. Yaliyooza yakate chini kwa mkasi, kitovu kibaki juu ya mchanga (ukikizika kitaoza kweli), taa kwa saa nane kwa siku, basi.

Na mchanga wa pwani! Ule mweupe mnaozoa ufuoni ni matumbawe yaliyosagika, chokaa tupu. Maji yetu ya visima nayo yamepita kwenye mwamba huo huo. Mtu anaongeza chokaa juu ya chokaa, kisha majani mapya yakitoka ya manjano yenye mishipa ya kijani, anakimbilia mbolea ya maji yenye madini ya chuma. Katika maji ya aina hiyo chuma hakikai, kinaganda na mmea haukipati. Anayenufaika na chupa yako ni mwani. Upanga hula sana kwa mizizi: chomeka kidonge cha mbolea, au donge la udongo mwekundu, mchangani karibu na mizizi. Likivurugika maji yatakuwa chai ya maziwa siku mbili. Vumilia.

Nikiri pia jambo. Nina matangi mawili nyumbani, chumba kimoja, mchanga mmoja, maji ya mkokoteni yaleyale, vidonge vilevile. Upanga mmoja umejaza tangi hadi samaki wanatafuta njia. Wa pili una majani manne tangu mwaka jana. Nimebadili taa, nimeweka feni ule mwezi wa Februari maji yalipofika nyuzi 30, nimeibadilishia matangi. Wa majani manne ukabaki na manne.

Yule wa risiti nilimwambia anitumie picha kwanza. Kitovu kigumu, na katikati jani dogo limejikunja, jembamba kama kijiti cha kiberiti. Nikamwandikia: hilo ndilo jani la majini, rudisha mmea mchangani, usiuguse mwezi mzima.

Akajibu: "Sawa ami. Na hako kadogo, nako nikakate?"