Kukesha hakukazi masomo kichwani
Kila msimu wa mitihani, kwenye magrupu ya simu hurudi ujumbe unaomtaka mwanafunzi akeshe, eti alichosoma usiku kucha kitabaki kichwani hadi asubuhi. Si kweli. Usingizini ndipo ubongo unapoimarisha yaliyosomwa mchana. Ukiukatiza usingizi huo, mengi hupotea.

Watu huchanganywa na mazoea ya macho: ukurasa uliorudiwa mara tano unaonekana umeshaingia, kumbe kuutambua si kuukumbuka. Jipime. Soma mzunguko wa damu, funga daftari, kisha kwenye karatasi tupu chora njia yake kutoka moyoni hadi mapafuni na kurudi. Mkono unapokwama, hapo ndipo pa kusoma tena. Rudia kesho, halafu baada ya siku 3, halafu 7.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.